Kutoa kutu ku karoseri ya gari ya zamani na kuifunga isirudi, kwa wenye tuko Goma

Wandugu wenye mko na gari za zamani, leo naandika juu ya kutu, juu kila mara naona mutu anapeleka Coccinelle (Volkswagen ya zamani) ao Peugeot 504 kwa tolie, fundi wa karoseri, wanapiga mastiki ya kujaza mashimo, wanapiga rangi, gari inatoka inang'ara, kisha mvula inanyesha mwezi moja tu na zile malengelenge zinarudi fasi ile ile. Rangi haikuwa mubaya. Kutu yenye unaona inje njo ya mwisho kufika, ilianza ndani zamani, na fasi yenye maji inaingilia bado iko wazi. Kwa hiyo mu kazi yote yenye nitaeleza hapa shika hivi: tafuta kwanza maji inatoka wapi na inalala wapi, kisha kata mpaka ufike ku chuma nzima, kisha funga pande mbili, ya inje na ya ndani. Ukiruka moja kati ya hizo utarudi kwa tolie, na pesa ingine.

Hapa kwetu kutu iko na nguvu kuliko kwingine. Volkano yetu Nyiragongo inatoa moshi yenye iko na gazi ya salfa, ile gazi ikikutana na maji ya mawingu inakuwa asidi na mvula inashuka nayo. Watu wa Rusayo wanajua, mabati yao inatoboka mbio. Chuma ikilowa na maji safi inashika kutu pole pole, lakini maji yenye asidi ao chumvi inapitisha umeme vizuri zaidi, na kutu yenyewe ni kazi ya umeme mudogo mudogo unatembea kati ya fasi moja ya chuma na ingine, njo maana inaenda mbio. Ongeza ile mavumbi nyeusi ya volkano, inajaa mu kila kona ya gari, ikilowa inashika maji kama eponje siku mingi. Ongeza mawe ya barabara zetu, ni makali kama chupa yenye ilipasuka, roda inayarusha chini ya eli (ile chuma ya kufunika roda), inachubua rangi fasi yenye hauwezi kuona bila kulala chini. Na wale wenye kuosha gari ku ziwa, maji ya Kivu iko na madini mingi ya volkano, ikikauka inaacha weupe, kama hauna maji ingine basi pangusa gari na kitambaa mpaka ikauke, usiache jua njo ikaushe.

Sasa kuangalia. Hauhitaji mashini. Kamata turnevisi ya zamani, taa, na sumaku yenye ilitoka ku baflo ya redio ya kufa, ifunge mu kitambaa ya laini isikwaruze rangi. Pitisha sumaku pole pole ku karoseri, kwenye chuma iko inashika, kwenye mastiki iko nene inaachia. Kisha gonga na kidole: chuma nzima inalia, yenye imeoza inanyamaza. Kisha turnevisi, usiogope kusukuma, kama inaingia basi hapo hakukuwa tena chuma, ilikuwa rangi tu ilibaki imesimama.

Namiliki Coccinelle ya 1971 na nitaongea zaidi juu yake juu njo naijua. Kutu yake iko na fasi zake. Zile boksi za chuma chini ya milango, wengine wanaita ba-de-kese, ndani yake njo mu hewa ya moto inapita toka ku motere mpaka mbele, kwa hiyo iko wazi ndani, unyevu inaingia, na inaoza toka ndani kuja inje. Pembe za plansheri, fasi ya miguu. Fasi ya roda ya sekuri kule mbele, maji inaingia ku jointi ya kapo (kifuniko ya mbele) inalala pale chini. Chini ya kioo ya nyuma na kioo ya mbele kama jointi imekauka. Fasi parashoki inashikiwa. Na kati ya kila eli na karoseri kuko ka jointi karefu, kanashika matope. Kwa 504 angalia juu na pembeni ya taa za mbele, chini ya milango na ba-de-kese. Kwa Land Cruiser za BJ40 ni ile mifereji ya paa na kona za nyuma. Wenye Land Rover ya zamani wanasema yao haishike kutu juu karoseri ni aliminiumu, ni kweli nusu, shasi na ule ukuta wa mbele ya miguu ni chuma, na fasi aliminiumu inagusana na chuma mu maji, aliminiumu njo inaliwa, inakuwa unga mweupe.

Ba-de-kese yangu ya kushoto ilikuwa safi ukiiangalia, rangi nzuri, muzima kabisa. Sumaku ikaanguka. Nikakwangua na turnevisi, mastiki ikatoka vipande vipande nene kama muhogo ukauke, na nyuma ya mastiki nikakuta gunia ya unga, mutu alikunja gunia akaiingiza mu tundu ili mastiki ipate fasi ya kushikilia. Maandishi ya bluu bado ilikuwa inasomeka. Gunia ilikuwa imelowa, mu kyangazi, yaani ilikuwa inanywa maji ya mvula na kuiweka ku chuma muchana na usiku, miaka. Ile tundu ya kwanza labda ilikuwa kama sarafu, mimi nilikata karibu santimetre 60. Sitaje fundi, wala simujui, lakini njo sababu nawaambia mastiki si dawa ya kutu.

Fasi ya pili ya kuangalia ku Coccinelle ni chini ya kiti ya nyuma, upande wa kuume, njo batri inakaa pale. Asidi ya batri inamwagika kidogo kidogo na kula plansheri. Toa batri, kamata bikarbonati ile ya mandazi, changanya na maji, mwaga. Itachemka povu nyeupe. Suguwa, suuza, mwaga tena, mpaka siku utamwaga na povu haitoki, hapo njo asidi imekwisha. Mimi nilirudia mara nne. Ukipiga antiruye (rangi ya kuzuia kutu) juu ya asidi yenye bado inakula, umefanya kazi ya bure. Nikiweka batri tena naikalisha mu sahani ya plastiki, na juu naweka kifuniko, juu spring za kiti zikigusa vichwa vya batri kiti inaweza kuwaka moto, hii si hadithi, Coccinelle zimeungua hivyo.

Mbele ya kuanza kusuguwa: chomoa batri. Kama utatumia meleze (mashini ya kusuguwa na kukata) ao kusudire (kuunganisha chuma na moto) upande wa mbele, toa rezervuari ya esanse, ku Coccinelle iko kule mbele chini ya kapo, si kuifunika na kitambaa yenye maji, kuitoa na kuiweka mbali. Vaa lineti ya kweli yenye inafunga pembeni, ile brosi ya chuma ya meleze inarusha nyuzi zake kama sindano. Na rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani, kwa hiyo usisuguwe kavu bila kashene ya vumbi, kashene ya kitambaa haitoshi, na watoto wasicheze pale. Ukiweza lowesha, papie emeri ya maji haitoi vumbi.

Toa vyote vyenye vinatoka. Eli za Coccinelle zinashikiwa na bulo tu, njo baraka ya hii gari. Bulo zikikataa mwagia mafuta ya kupenya, ngojea mpaka kesho, kaza kidogo kwanza kisha fungua, usilazimishe siku moja. Ikikatika sawa, utatoboa.

Kisha suguwa rangi mpaka upite kutu, santimetre mbili tatu zaidi kila upande, juu kutu inatembea chini ya rangi kama mizizi, fasi yenye unaona inaisha haijaisha. Hapo utaona moja kati ya mambo matatu. Kama ni kutu ya juu tu, kahawia ya laini, papie emeri ya 80 inaimaliza, chuma inabaki nyeupe yote. Kama chuma imebaki na vitundu vidogo vyeusi kama ngozi ya chungwa, ile nyeusi ndani ya vitundu bado ni kutu, papie haifiki, pale njo unahitaji asidi. Kama turnevisi inapita, ao chuma inajikunja ukisukuma na kidole gumba, hakuna dawa ya chupa, unakata. Watu wanapenda kuniuliza dawa gani ya kupaka juu ya tundu. Hakuna.

Juu ya asidi. Ile nzuri kwa karoseri ni asidi fosforiki, wanaiuza mu chupa kama dawa ya kubadilisha kutu, inageuza kutu kuwa fosfati ya chuma, unaona fasi inakuwa kijivu ao nyeusi. Zingine ni za tanini, zinaacha rangi nyeusi ya bluu. Vaa gan za mpira na lineti. Pakaza na burashi, iache ilowe muda yenye wanaandika ku chupa, isikauke, suguwa na brosi, rudia mu vitundu. Kisha osha na maji, kausha palepale na kitambaa na hewa ya kompresere ao jua kali. Ile asidi ikibaki imekauka bila kuoshwa na wewe unapiga epoksi (rangi ya chini yenye nitaeleza baadaye) juu yake, epoksi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Na usimwage juu ya kutu nene yenye inatoka magamba, inabadilisha juu tu, chini inabaki kahawia. Toa magamba kwanza.

Kwa vitu vidogo, bulo, vikono vya milango ya ndani, vishikio, siki inatosha. Zamisha siku moja, suguwa, kisha maji ya bikarbonati kuua asidi, kisha maji safi, kausha, mafuta. Maji ya limau inafanya kazi ile ile, na limau hapa haikosi. Watu wanasema Coca. Ni kweli Coca iko na asidi fosforiki, lakini kidogo sana, na sukari inabaki ku chuma, kwa bulo moja sawa, kwa karoseri hapana, kunywa.

Ile yenye mimi napenda kwa vitu vya kati, kama vifuniko, vyuma vya kiti, hata mulango kama uko na tanki kubwa, ni umeme. Kamata bidon ao beseni ya plastiki, maji, bikarbonati kijiko kikubwa moja kwa kila lita 4 (soda ya kufulia ni nzuri zaidi kama unaipata, soda kostiki ya sabuni hapana, inachoma ngozi). Ingiza kile kitu chenye kutu na ukishikishe ku waya ya kutoa ya sharje ya batri ya volti 12. Waya ya kujumlisha ishike ku kipande ya chuma ya kawaida yenye hauhitaji, ukiingize upande ingine, visigusane kabisa. Ukibadilisha waya, kitu chako njo kitaliwa, kwa hiyo angalia mara mbili. Usitumie inoksi ku upande wa kujumlisha, inatoa sumu ya kromu mu maji. Fanya inje, hewa ipite, juu zile povu ni haidrojeni, zinawaka, usivute sigara pale. Masaa kadhaa baadaye kutu inakuwa matope nyeusi, inatoka na brosi, na chuma nzima haijaguswa, hata maandishi madogo ya fabriki inabaki. Kurani ikikatika katikati haina shida, ikirudi inaendelea.

Sasa kukata na kusudire, hapa wengi mtaita sudere, ni sawa, lakini simama karibu na ujue nini ya kumuomba. Mwambie akate mpaka chuma nyeupe nzima, asibandike tole (kipande ya chuma bapa) mupya juu ya ile ya kuoza. Kiraka juu ya kuoza kinafanya mufuko, maji inalala kati, mwaka unaofuata kiraka kimekula na chuma nzima ya pembeni. Kata karatasi ngumu ya karto kwanza, ijaribie mu tundu, ikikaa vizuri njo uchore ku tole.

Tole yenyewe: karoseri za zamani ziko karibu milimetre 0.8 mpaka 1. Hapa watu wanakata ku pipa ya lita 200 na ni nzuri, unene uko karibu, lakini pipa yenye ilikuwa na esanse ao diluani usiiguse na meleze wala shalimo (moto ya gazi) hata kama imekaa wazi mwaka muzima, mvuke inabaki na inapasuka kama bomu. Nunua tole yenye imekwisha kukatwa, ao pipa ya mafuta ya kula, iliyooshwa. Mabati ya nyumba hapana kabisa. Ni nyembamba, na iko na zinki, sudere akichoma zinki anavuta ule moshi mweupe, usiku anatetemeka na homa kama malaria, anameza dawa ya malaria na si malaria.

Posti (mashini ya kusudire) ya semi-otomatiki na fili, ile waya, ya milimetre 0.6 ao 0.8 njo rahisi. Kama ni posti ya bageti tu, omba bageti nyembamba, 1.6 ao 2, na umeme wa chini, na apige nukta, nukta, nukta, asivute mustari. Hata na semi-otomatiki ni nukta: moja hapa, ingine upande wa pili, ingoje ipoe mpaka mukono unaweza kugusa, ingine kona ya tatu. Chuma ikipata moto fasi moja inavimba na kujikunja, mulango unakuwa na tumbo, na ile tumbo utaijaza na mastiki, tunarudi kule kule. Wazee wa shalimo wako na mukono wao, wanapiga moto na nyundo pamoja, kazi yao nimeiona ni safi, lakini si kila mutu.

Kwa Coccinelle, kitu moja usisahau hata ukisahau vyote. Zile ba-de-kese mbili njo zinasaidia kushika karoseri isijikunje katikati. Mbele ya kukata, sudire chuma ya msaada mu tundu ya mulango, toka mbele mpaka nyuma, kama msalaba, na ufanye upande moja mpaka uishe njo uguse wa pili. Na pima ile nafasi kati ya mulango na karoseri, andika ku karatasi. Nilimuona mutu alikata mbili pamoja bila msaada, gari ikashuka katikati vidole viwili, milango ikakataa kufunga mpaka leo.

Chuma ikisha kuwa nyeupe, isilale usiku hata moja bila apre, ile rangi ya kwanza ya kushika chuma. Hii Goma. Nilisafisha eli ya mbele siku moja mpaka ikang'ara, jioni nikaishika na mukono ya jasho nikaisogeza ndani ya nyumba isipate umande, asubuhi nakuta alama ya mukono yangu, vidole vinne na kiganja, imechorwa na kutu, hata mistari ya ngozi unaiona. Chumvi ya jasho tu. Kwa hiyo panga kazi: safisha asubuhi umande ukikauka, pangusa na diluani na kitambaa safi, usiguse tena bila gan, na piga apre siku ile ile mbele ya jua kushuka. Miezi ya 6, 7, 8 njo mizuri, hewa ni kavu, vumbi iko mingi lakini vumbi unaisuguwa. Siku moshi ya volkano imeshuka mu mujini na unasikia inakwaruza koo, acha, fanya kazi ya ndani.

Apre gani? Hapa watu wengi wanapoteza pesa. Ile apre ya kijivu ya kopo moja, ya bei rahisi, haizuie maji. Inanywa maji. Ile gari unaona imesimama mwaka muzima na apre ya kijivu ikingojea pesa ya rangi, chini ya ile kijivu kutu inafanya kazi kila siku. Kama pesa ya rangi haijafika, tumia apre epoksi, ya makopo mawili yenye unachanganya, hii inafunga maji kweli. Piga mikono miwili. Baadaye ukikawia kuliko siku zenye wameandika ku kopo, suguwa na 320 kidogo njo upige ingine juu, la sivyo haishike. Pesa yako ni kidogo? Punguza ku rangi ya juu, usipunguze ku epoksi.

Mastiki sasa inaweza kuja, na sina ubaya nayo, kazi yake ni kunyoosha tu. Juu ya epoksi yenye umesuguwa na 80, si juu ya kutu wala juu ya tundu, na unene usipite milimetre 3. Dawa ya kugandisha ni karibu gramu 2 kwa gramu 100 za mastiki, ukizidisha ili ikauke haraka, ile nyekundu itapanda mpaka ku rangi nyeupe na kufanya madoa. Usiioshe na maji ukisuguwa, mastiki inakunywa maji na kuiweka. Suguwa kavu 80, 120, 180, kisha epoksi tena juu, kisha 320, 400, na 600 na maji. Rangi ya juu sitaeleza sana, kila mutu na fundi wake wa pistole, angalia tu asipige saa ya jioni wakati baridi ya ziwa inapanda.

Viungo vyote fasi tole mbili zinakutana, pakaza mastiki ya viungo ile ya laini yenye haikauki ngumu, mbele ya rangi. Na chini ya eli, baada ya epoksi, blaksoni ya kuzuia mawe. Blaksoni juu ya kutu ni mbaya kuliko kuacha wazi, ikipasuka kidogo maji inaingia nyuma na haitoki tena, unakuja kuibandua baadaye na chuma inatoka pamoja nayo.

Bado ndani ya boksi. Rangi haifiki kule, na kutu ilitoka kule. Wazee wetu walimwaga mafuta ya vidanje (yenye imetolewa ku motere) mu ba-de-kese, na gari nyingi zimeishi kwa hiyo, sitawadharau, lakini vidanje iko na asidi na uchafu, na inakula jointi za mpira. Mimi nachukua mafuta mapya ya gerboksi, nayeyusha mushumaa ndani, chungu ndani ya maji ya moto mbali na moto wenyewe, naongeza mushumaa kidogo kidogo mpaka ikipoa inakuwa kama mafuta ya ngozi. Inapigwa ikiwa ya moto, na pistole ya kompresere na mupira murefu mwembamba, uingize mpaka mwisho na uvute pole pole unarudi nyuma. Ndani ya milango, ndani ya nguzo, ndani ya kapo ku mikunjo. Ku Coccinelle, mu ile njia ya hewa ya moto piga kidogo tu, ukifungua hewa ya moto gari yote itanuka mafuta juma moja. Na kusudire kuishe kabisa mbele, mushumaa inawaka.

Kisha matundu ya kutokea maji. Kila mulango uko nayo chini, mbili ao tatu, na kila mutu anayeziba na mastiki anaua mulango wake. Nachukua waya ya roda ya baiskeli, nainyoosha, napitisha mu kila tundu mwezi wa 2 na mwezi wa 8, mvula mbele ya kurudi, inatoka matope nyeusi ya volkano kila mara, kila mara, hata kama gari haikutembea. Jointi za vioo nazipaka glisirini zisikauke. Nainua karpeti, nagusa chini yake na mukono kama kuna unyevu, karpeti ikikaa kavu juu inaweza kuwa na maji chini. Na baada ya kila safari ya Sake naingiza mupira wa maji chini ya eli zote nne, nasukuma mpaka maji inatoka safi, ya robinet, si ya mvula. Eli ya kuume ya nyuma bado sijaifanya, sumaku inashika lakini inashika kidogo kidogo, mwezi wa 6 nitaifungua.